Subaru WRX ya zamani inavuja oili: tutafute inakoanzia kabla ya kushusha injini

Karibuni gereji, jamani. Sijashika spana bado. Dogo, leta kamera huku chini. Chini zaidi. Hapo hapo.

Mnaliona hilo tone linaloning'inia pale injini inapoungana na giaboksi? Ukiwa na tone mahali hapa, nusu ya mafundi wa mji huu watakwambia sili ya nyuma ya kranki, yaani mpira unaozuia oili isitoke nyuma ya injini, imekwisha, shusha injini. Mwenye gari hili kaambiwa hivyo hivyo huko alikotoka, kapigiwa na hesabu ya kazi nzima. Mimi nasema tusubiri kwanza. Oili hushuka, halafu gari likikimbia upepo unaisukuma kwenda nyuma. Kwa hivyo unapoliona tone si lazima ndipo inapovujia. Sisi tutapanda juu, tuende mbele, mpaka tukute sehemu ya juu kabisa iliyolowa.

Gari lenyewe ni Impreza WRX ya 2003, injini ni EJ20 yenye turbo. Buluu, ndiyo, najua. Tangu dereva wa rali Colin McRae ashinde Safari Rally 1997 na Impreza ya buluu, kila mwenye Subaru hapa Kenya ana ugonjwa wa rangi hii, na mimi simo katika waliopona.

Hatua ya kwanza ni kadibodi. Kata boksi kubwa, lisukume chini ya injini usiku, asubuhi lisome. Nyeusi au kahawia ni oili ya injini. Nyekundu ni ya pawa stelingi, au ya giaboksi kama gari ni otomatiki. Kijani na inanata kidogo, hayo ni maji ya redieta. Ukinusa harufu kali kama ya yai bovu, hiyo ni oili ya giaboksi la gia za mkono. Ikiwa karibu haina rangi na inateleza, hiyo ni oili ya breki au ya klachi. Ifute upesi maana inakula rangi ya gari, halafu usiendeshe mpaka ujue inatoka wapi. Maji matupu baada ya kuwasha AC hayana shida. Naomba msinitumie picha ya maji ya AC.

Kadibodi yetu hii hapa. Doa jeusi kubwa huku nyuma, na hili dogo la mbele... dogo, mulika vizuri. Jekundu. Basi tuna mivujo miwili, na fundi wa mwanzo kaona mmoja tu.

Sasa tunaosha. Injini iwe baridi, alteneta ifunikwe nailoni, piga dawa ya grisi, sugua, suuza bila kuelekeza presha kwenye nyaya. Kuosha mnajua, sitawapotezea muda.

Ikishakauka, chukua poda ya mtoto. Usicheke. Nyunyiza pembeni mwa tapeti kava, yaani mfuniko wa vali, chini ya pampu ya stelingi, mbele kwenye kava za taimingi belti, na huku nyuma juu ya giaboksi. Washa gari, liache lipate moto, tembea kidogo, rudi utazame. Poda ikilowa inakuonyesha mstari. Kuna njia ya kisasa pia: ile rangi unayomimina kwenye oili kisha unamulika na tochi ya zambarau, mvujo unang'aa manjano. Ninayo, naiuza, lakini kwa kazi ya leo poda inatosha.

Tumerudi. Angalia. Huku nyuma juu ya giaboksi poda ni kavu, nyeupe pe. Ingekuwa sili ya kranki, oili ingetokea huku ndani chini, si kuteremka kutoka pembeni. Sasa njoo upande wa betri. Inama. Ukingo wa chini wa tapeti kava... umelowa wote, na mstari unakwenda nyuma mpaka lile tone letu. Mwizi ndiye huyo.

Niwaeleze kwa nini Subaru hasa. Kwenye injini nyingi tapeti kava imekaa juu kama kofia, oili ikirushwa humo inarudi chini. EJ20 silinda zake zimelala, mbili kulia, mbili kushoto. Kava zinasimama wima ubavuni, na oili inakaa imeegemea ukingo wa chini wa gasketi saa zote. Gasketi ni mpira, miaka ishirini ya joto inaukausha unakuwa mgumu kama plastiki. Chini yake tu inapita ekzosi. Ndiyo maana mwenye gari ananusa oili ikiungua kila akikwama kwenye foleni ya Daraja la Nyali.

Kazi sasa. Upande huu toa betri na chupa ya maji ya kioo upate nafasi. Upande wa pili utatoa boksi la filta ya hewa. Chomoa soketi za umeme za koili, zile zinazopeleka moto kwenye plagi, fungua koili, vuta... Ngoja. Kamera, kamera! Tazama mpira wa koili hii. Unachuruzika oili. Kwenye kisima cha plagi mna oili imejaa. Hizi ni zile sili za duara za visima vya plagi, nazo zimekufa. Gari la namna hii litaanza kukosa moto, utanunua koili, utanunua plagi, tatizo litabaki pale pale. Kausha kisima kwa kitambaa na hewa kabla hujafungua plagi, la sivyo uchafu wote unaingia kwenye silinda.

Sasa mpira wa hewa unaoingia kwenye kava. Fungua klipu, zungusha taratibu... Tak. Mmesikia? Umekatika mkononi, umeoza. Dogo, kimbia dukani, chukua mpira wa kuhimili oili, siyo wa maji, wa maji unavimba. Zima kamera kwanza.

Haya. Jua limehama, mpira umepatikana, tuendelee. Weka beseni chini kwa sababu ukifungua kava oili iliyobaki itamwagika. Bolti zote ni spana ya 10. Kava ikigoma, igonge kwa nyundo ya mpira. Usiingize bisibisi kati ya kava na hedi, yaani kichwa cha injini. Alumini ikipata mkwaruzo pale, hata gasketi ya dhahabu haitaziba.

Safisha uso wa hedi na mfereji wa kava mpaka kidole kitoke kikavu. Toa mabaki yote ya silikoni ya zamani. Na huyu aliyefanya mwanzo aliimwaga silikoni kama anapaka siagi mkate, tazama nyama hii yote! Ikikatika kwa ndani inashuka mpaka kwenye chujio la sampu, lile karai la oili chini ya injini, chujio likiziba injini inakosa oili, na turbo ndiyo ya kwanza kulia. Silikoni inakwenda pembeni tu, pale kofia za kamshafti, ile shafti inayofungua vali, zinapokutana na hedi, kitone kila kona. Basi.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo watu wanaharibu. Kava inarudi ikiwa imesimama, kwa hivyo gasketi itataka kudondoka kutoka kwenye mfereji wake. Inadondoka upande wa chini, ambako macho hayafiki. Unakaza bolti, juu panapendeza, chini gasketi imebanwa nje ya njia, na kesho gari linavuja kuliko jana. Kwa hiyo igandishe gasketi mfereji mzima kwa vitone vidogo vya gundi ya gasketi, acha ikamate. Sili za visima vya plagi nazo zikae sawa, zisilale upande. Ingiza kava taratibu, isiguse kitu njiani.

Kabla ya bolti hata moja, pitisha kidole ukingo wa chini wote. Halafu kioo na tochi. Dogo, onyesha kioo. Mnaona ule mstari mweusi, umenyooka? Hivyo ndivyo. Ukiona umepinda au umetokeza, toa kava uanze upya. Narudia, ukingo wa chini. Kidole, halafu kioo.

Bolti zina washa za mpira, badilisha nazo. Kaza kwa mkono zote, kisha kwa kuvuka, kidogo kidogo, mwisho ni nyutoni mita 5 hadi 6. Hiyo ni nguvu ya vidole viwili kwenye spana fupi. Ukijitutumua utaikata bolti ndani ya hedi, kisha uje unitafute huku unalia.

Kabla ya kufunga upande wa pili, toa vali ya PCV, ile inayopumulisha hewa ya ndani ya injini, uitikise. Ikilia kachakacha ni nzima. Ikinyamaza imeziba, presha ndani ya injini inapanda na itasukuma sili hata ukiweka mpya. Hii yetu imenyamaza, inabadilishwa. Tazama pia mpira mfupi wa kurudisha oili kutoka kwenye turbo. Ukiubonyeza ukawa mgumu kama mfupa, usiuache.

Lile jekundu ni rahisi. Pampu ya stelingi ilikuwa inalia ukikata kona, na kwenye chupa mna povu. Ina maana inavuta hewa. Bomba linaloingia kwenye pampu lina oringi ndogo. Fungua bolti, toa oringi bapa, weka ya duara, funga. Jaza ATF, ile oili nyekundu ya stelingi, washa, zungusha usukani kulia na kushoto pole pole mpaka povu liishe.

Acha silikoni ikauke kama tyubu inavyosema, kisha jaza oili, pima kwa kijiti, nenda barabarani. Sisi tumekwenda mpaka Mtwapa na kurudi. Poda mpya tuliyoweka ni kavu, harufu imekwisha, na injini haikushushwa.

Seti ya gasketi mbili, sili nne za plagi na washa zake ninayo dukani. Za turbo na zisizo za turbo hazilingani, kwa hivyo ukiniandikia nitumie namba ya chesisi. Usiniambie tu "ni Subaru."