Kesi Hii Si Yako

Mhadhara uliotolewa uani mwa Ngome ya Lamu, baada ya sala ya Isha

Assalaam aleikum, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mlioketi juu ya ngazi. Nimeombwa nizungumze juu ya sheria ya jinai. Mimi si wakili. Nilikuwa karani wa mahakama, na kazi yangu kubwa ilikuwa ukalimani: hakimu aseme Kiingereza, mimi niseme Kiswahili, mshtakiwa ajibu, mimi nirudishe. Kwa hiyo sitawapa vifungu vingi. Vichache vitapita, mnivumilie.

Hapa tulipoketi palikuwa jela. Wenye mvi wanakumbuka. Ngome hii ilikuwa gereza kuanzia 1910 hadi 1984. Leo watoto wanakuja kusoma maktabani, na wafungwa wako gereza la Hindi, bara, ng'ambo ile. Kila nikiingia kwa lango lile kubwa huangalia unene wa kuta na kujiuliza: aliyefungiwa humu alifungwa kwa niaba ya nani?

Swali hilo sikulitunga mimi. Niliulizwa na mama mmoja mahakamani, kesi ya kupigwa. Nilisoma hati ya mashtaka kwa sauti, "Jamhuri dhidi ya" fulani, naye akanikatiza: "Mwanangu, Jamhuri ilipigwa wapi? Aliyevimba uso ni mimi." Watu wakacheka, hakimu akataka nimtafsirie, nikamtafsiria, naye akacheka. Lakini yule mama alikuwa amegusa mzizi wa mambo. Katika kesi ya jinai wewe uliyeumizwa huitwa mlalamishi, ila kesi si yako. Wewe ni shahidi, mara nyingi shahidi wa kwanza. Mwenye kesi ni Jamhuri, na anayeishika ni mwendesha mashtaka.

Sisi watu wa Amu, yaani Lamu, jambo hili halituingii kirahisi, na sababu ninaijua. Katika fiqhi, sheria ya Kiislamu tuliyosoma chuoni, damu ya aliyeuawa ni haki ya warithi wake: watake kisasi, wapokee dia, yaani fidia ya damu, au wasamehe. Neno ni lao. Sheria inayotumika kortini ilikuja kwa njia nyingine. Waingereza walituletea kwanza Kanuni ya Adhabu ya India ya 1860, kisha 1930 wakaweka hii tuliyo nayo, ambayo bado ndiyo msingi ingawa imetiwa viraka vingi. Sheria hiyo inasema ukimpiga jirani yako umevunja amani ya watu wote, hata wasiokujua. Na Kadhi wetu, mwenye heshima zake, Katiba ya 2010 imempa hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Jinai haimo. Kila mwaka kulikuwa na mtu wa kumwambia hivyo, ashatembea kutoka mtaa wa Langoni na faili lake mkononi.

Je, ni uporaji, serikali kuchukua kesi ya mtu? Zamani niliona hivyo. Kilichonibadilisha ni kuona nani hasa hupigwa. Mtu mwenye ndugu sita na dau mbili hapigwi ovyo. Akipigwa, wazee watakaa barazani usiku huohuo. Hupigwa yatima, kibarua aliyekuja jana kutafuta kazi, mke asiye na kwao hapa. Huyo akiachiwa kesi yake mwenyewe, ataiendesha na nani? Na mwenye pesa je, si atanunua msamaha kama anunuavyo samaki bandarini? Ndipo nikaelewa kwa nini hati imeandikwa Jamhuri.

Sasa tuje kwenye vitendo, ambako ndiko nilikokula mkate wangu.

Mshtakiwa akisomewa mashtaka hapa kwetu hajibu "nakiri" wala "nakana". Hujibu "ni kweli" au "si kweli". Maneno mawili tu, na humo mtu huweza kupotea. Kijana mmoja alisomewa kwamba alimpiga mwenzake na kumjeruhi. Akasema, "Ni kweli," na kalamu ya hakimu ikaanza kutembea. Kijana akavuta pumzi, akamalizia: "Ni kweli nilimpiga, lakini yeye ndiye aliyenikaba koo kwanza." Hiyo si kukiri. Anayejitetea hajakubali kosa, amekubali tendo. Nilimfikishia hakimu sentensi nzima, akaandika kwamba amekana, kesi ikaenda kusikizwa. Ningelikuwa nimeketi baada ya "ni kweli", kijana angelilala jela.

Sheria hiyo si huruma ya hakimu mmoja. Mwaka 1973 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza hatua: mashtaka yasomwe kwa lugha anayoifahamu mshtakiwa, jibu lake liandikwe kadiri iwezekanavyo kwa maneno yake mwenyewe, kisha asomewe maelezo ya tukio, na akiyapinga au akiongeza jambo la kumtoa hatiani, ibadilishwe iwe amekana. Na Katiba inampa mkalimani bila malipo.

Msidhani Kiswahili ni kimoja, tena. Shahidi wetu mmoja alisema, "Alinipiga iwe la ito." Hakimu, mtu wa bara mwenye Kiswahili chake safi cha shule, akauliza: "Iwe nini?" Alikuwa akingoja kitenzi kimalizike! Nikamwambia, mheshimiwa, ni jiwe, na limempata jichoni. Kicheko kilikuwepo, lakini jicho ni jicho: ukimjeruhi mtu kawaida ni kosa dogo, kifungo kisichozidi miaka mitano, ukimtia upofu ni madhara makubwa, na hapo sheria inafika hadi kifungo cha maisha. Ndiyo maana msipuuze fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha. Daktari akiandika "amevimba" na jicho limekufa, kesi imekufa pia. Fomu yenyewe ni ya bure.

La kukamatwa nitalipitia mbio. Saa 24 ufikishwe mahakamani, isipokuwa muda ukiishia nje ya saa za korti au siku isiyo ya korti, ndipo husogezwa hadi siku ya korti inayofuata. Ukikamatwa Ijumaa jioni, hesabu Jumatatu.

Linalowakera wengi ni sulhu. Mnasema: tumepatana, tumekula wali pamoja, korti inataka nini tena? Si kweli kwamba korti haitaki sulhu. Kifungu cha 176 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kinamruhusu hakimu kuhimiza mapatano katika kosa la kupiga au kosa dogo la mtu na mtu, na Katiba nayo inaitaja njia ya kienyeji. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikubali hata kesi ya mauaji iondolewe baada ya familia mbili kupatana kwa ngamia na mbuzi. Wanasheria bado wanaibishania, na mimi binafsi iliniogofya.

Kwa sababu nimeona maslaha, mapatano ya nje ya korti, ya namna nyingine. Mtoto wa kike kaharibiwa, wazee wamekaa, baba kapewa pesa, kesho mama haji kortini kutoa ushahidi. Hapo sina adabu ya kunyamaza, mnisamehe. Sheria ya makosa ya kingono ya 2006 imeweka kifungo cha maisha kwa aliyemwingilia mtoto wa miaka 11 kurudi chini, na kuisimamisha kesi hiyo si kazi ya baba, chifu wala askari. Uamuzi uko juu kabisa, na mahakama lazima iruhusu. Aliyesamehe alisamehe cha nani? Mtoto hakuitwa barazani.

Kabla hatujaanza, kijana mmoja amenivuta pembeni. Rafiki yake alipigwa na baharia mwenzake, wamepatana, kesi ni Jumanne. Je, akae nyumbani? Asikae. Asipofika, samansi ya kumwita kortini itamfuata, na baada ya samansi waranti ya kumkamata. Aende, asimame kizimbani, aseme wamepatana. Na awe na jibu, maana hakimu atamuuliza mbele ya watu kama kuna aliyempa kitu ili aseme hivyo.