Mungu na Kitu Kingine Pembeni: Mhadhara Niliotoa Moshi Kuhusu Amri ya Kwanza

Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu shikamooni, mama zangu shikamooni, na nyie vijana mliojibana kule karibu na mlango sogeeni mbele, viti vipo.

Nimeombwa niongelee amri ya kwanza, ile ya usiwe na miungu mingine, na najua ukitaja sanamu watu wa hapa Moshi tunajisikia tuko salama kabisa, maana nani humu ana kinyago sebuleni anakifukizia ubani? Hakuna. Kwa hiyo mtu anakaa anasubiri nimseme jirani yake, Mlutheri anasubiri nimseme Mkatoliki, mlokole anasubiri niwaseme wote wawili. Sijaja kwa hilo. Nina jambo moja tu na limenikaa moyoni muda mrefu, kwamba ukisoma Biblia vizuri utaona watu wa Mungu mara nyingi walipoingia kwenye sanamu hawakuanza kwa kumuacha Mungu. Walibaki nae, ila wakamuwekea kitu pembeni.

Fungua Kutoka 20. Kabla hajasema usiwe na miungu mingine, Mungu anajitambulisha kwanza, "Mimi ni BWANA, Mungu wako, niliyekutoa katika nchi ya Misri, katika nyumba ya utumwa." Yaani amewatoa kwanza ndo anawadai mioyo yao, hajawadai wakiwa bado wanapigwa fimbo za wasimamizi wa Farao. Sasa ruka mpaka sura ya 32. Musa yuko mlimani, siku zinaenda, wanaona kama hatarudi, na watu wanataka kitu wanachoweza kukiona. Nani anawatengenezea ile ndama? Sio mganga kutoka Misri. Ni Haruni, ndugu yake Musa, aliyesimama nae mbele ya Farao, anakusanya pete za dhahabu za masikioni mwa wake zao na watoto wao, anatengeneza ndama, anajenga madhabahu mbele yake, halafu, naomba mtu asome mstari wa 5 kwa sauti, anatangaza, "Kesho itakuwa sikukuu kwa BWANA."

Kwa BWANA! Hakusema kwa Baali, yule mungu wa Wakanaani. Asubuhi wakaamka mapema wakatoa sadaka za kuteketezwa na sadaka za amani, wakala, wakanywa, wakacheza. Ungepita pale kambini siku ile ungesema hawa watu wana ibada iliyochangamka kweli, na ukimuuliza mmoja mmoja angekuambia tunamwabudu Mungu aliyetutoa Misri.

Na Yeroboamu, mfalme wa Israeli, alikuja kufanya hivohivo, ndama mbili, moja Betheli moja Dani, ili watu wasihangaike kupanda Yerusalemu. Siasa ile.

Lakini naomba tukae kidogo kwenye vitu ambavyo Mungu mwenyewe alivitoa, maana hapo ndo wengi wetu tunapigwa. Sanduku la agano, lile lililobeba mbao za amri, Mungu aliagiza litengenezwe, hadi vipimo alitoa. Kwenye 1 Samweli 4 Israeli wamepigwa na Wafilisti, na badala ya kumuuliza Mungu kwa nini tumepigwa, wanasema tulileteni sanduku lije litutoe mikononi mwa adui. Likaja, wakapiga kelele mpaka nchi ikavuma, Wafilisti wenyewe wakaogopa. Siku ile wakafa askari 30,000 wa Israeli, wana wawili wa kuhani Eli wakafa, na sanduku likatekwa. Kitu kitakatifu kabisa, lakini walikishika kama hirizi na hirizi haisikii mtu.

Halafu nyoka wa shaba. Hesabu 21, watu wanaumwa na nyoka jangwani, Mungu anamwambia Musa tengeneza nyoka umuweke juu ya mti, anayemtazama anapona, na kweli walipona. Ushuhuda wa kweli kabisa huu. Sasa nenda 2 Wafalme 18, mamia ya miaka baadae, mfalme Hezekia anamkuta nyoka yuleyule bado yupo na watu wanamfukizia uvumba, akamvunja vipande vipande. Fikiria huyo mfalme alivyohitaji moyo, anavunja kitu kilichotengenezwa kwa mikono ya Musa, kitu ambacho babu za hao watu walipona kwa kukitazama, na lazima walikuwepo wazee waliolia siku ile wakisema mfalme ametukufuru. Lakini Biblia inamsifu kwamba alimtumaini BWANA kuliko wafalme wote wa Yuda.

Ndugu zangu, sisi ni watu wa Moshi na kuna jambo siwezi kulikwepa. Tarehe 1 Februari 2020, hapa hapa uwanja wa Majengo, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyoombewa na kumwagwa chini. Sitaji jina la mtumishi, na wale marehemu nawaheshimu, walikuwa mama zetu na watoto wetu, walikuja na magonjwa na shida za kweli, walikuja kumtafuta Mungu, na kama humu kuna aliyefiwa siku ile mimi nalia na wewe. Ninachouliza ni sisi tunaofundisha, tulifundisha nini mpaka mtu akaamini kwamba Mungu aliyeumba mbingu na nchi yuko kwenye kipande kile cha ardhi, na asipokiwahi amekosa baraka yake? Mwenye ualbino, mlemavu, bibi asiyeweza kukimbia, huyo Mungu anampata vipi? Neno linasema BWANA yu karibu na wote wamwitao. Wote. Hakuna wa kuwahi hapo.

Na hii ya kumuita Mungu kwa jina la mtumishi imeshaingia mpaka kwenye stika za bodaboda na daladala, "Mungu wa nabii fulani nikumbuke", picha ya nabii ipo juu ya kioo, ipo kwenye pochi, ipo chini ya mto mtoto akiumwa. Petro alipofika kwa Kornelio, yule akida wa Kirumi, Kornelio akaanguka miguuni pake akamsujudia, Petro akamuinua, "Simama, mimi nami ni mwanadamu." Paulo na Barnaba kule Listra walirarua nguo zao walipoona wanaletewa ng'ombe wa sadaka. Na kwenye Ufunuo hata malaika, malaika jamani, anamwambia Yohana usifanye hivi, msujudie Mungu. Mtumishi ambaye hakuinui ukianguka miguuni pake, muogope.

Watu wananiuliza kwa nini Mungu ajiite mwenye wivu, mbona sisi wivu ni kitu kibaya. Mama zangu mtanisaidia. Mume anakuletea mwanamke mwingine ndani ya nyumba uliyojenga nae kwa jasho, halafu anakuambia sasa unalia nini, kwani nimekuacha? Si bado wewe ndo mke mkubwa, hela ya matumizi si naleta? Naona mnatikisa vichwa. Nabii Hosea aliliishi hili kwenye ndoa yake mwenyewe, mke wake hakuwa mwaminifu. Wale watu waliohamishiwa Samaria na mfalme wa Ashuru wameandikwa 2 Wafalme 17, "Wakamcha BWANA, na kuitumikia miungu yao wenyewe", na nikiusoma mstari ule naona Jumapili zetu, kijana wa migodi ya Mirerani anatoa sadaka nono kanisani, na Jumatatu kabla hajashuka shimoni anapita kwa mganga.

La hela nitasema kidogo kwa sababu mnalijua. Paulo anaandika Wakolosai 3:5 kwamba kutamani ndiyo ibada ya sanamu, na Yesu akasema hamwezi kumtumikia Mungu na mali. Mtu anakopa ili Desemba akirudi kwao aonekane Rombo, aonekane Machame na Marangu, ana ghorofa kule linalala na mlinzi mwaka mzima na watoto Dar wanarudishwa ada. Kujenga kwenu ni vizuri, mimi pia ni wa huku naelewa uchungu wa kihamba, shamba la ukoo. Ila kitu ambacho unakitolea wanao sadaka, Biblia imeshakipa jina.

Basi, nilipofika hapo mama mmoja akanyoosha mkono, akauliza, baba, mimi nina chupa ya mafuta nyumbani niliombewa, niyatupe? Swali zuri sana, na nilimjibu hivi. Mama, mafuta hayana kosa, Yakobo 5:14 inasema wazee wa kanisa wamuombee mgonjwa na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana, na mstari unaofuata unasema kuomba kwa imani kutamuokoa mgonjwa. Sasa jiulize, siku chupa ikiisha saa nane usiku na mjukuu ana homa, utapiga magoti uombe, au utaona huna tena cha kuombea mpaka ukanunue nyingine? Akanyamaza kidogo akasema, kwa kweli baba ningeogopa. Nikamwambia basi leo ukifika nyumbani, kabla hujaligusa lile chupa, muite huyo mjukuu umuombee mikono mitupu, na kesho umuombee tena hivohivo, na akiwa na homa umpeleke na hospitali. Ukishaona unaweza kuomba bila chupa, hayo mafuta kama ni ya kula pikia mboga.

Kijana mmoja akauliza kuhusu tambiko na makaburi ya babu zetu, muda ulikuwa umeisha, hilo tumekubaliana tulifanyie kikao chake na wazee wawepo.