Betri ya Kwanza Ndiyo Hufa

Mnaonijua mmeshachoka kunisikia na hili. Yule kijana wa nyuma ameshaanza kucheka. Cheka, nitarudia.

Betri nne za volti 12 zimepangwa mstari mmoja, zimeungwa parareli, posi (chanya) kwa posi, nega (hasi) kwa nega. Safi. Kisha fundi anachukua waya za inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, zote mbili, anazifunga kwenye betri ya kwanza kwa sababu ndiyo iliyo karibu. Hapo ndipo ninapogombana na watu.

Niliitwa Ukerewe, kwa mama mmoja anayeuza samaki, ana friza. Hata shikamoo yangu hakuitikia vizuri: "Fundi, mmeniuzia betri feki!" Nikagusa betri ya kwanza: ya moto, ubavu umevimba kama shavu la mwenye jino bovu. Ya nne baridi, utadhani imetoka dukani jana. Zimenunuliwa siku moja! Mama, betri si feki. Panga mitungi minne ya maji uone. Ule wa mlangoni ndio kila mtoto anachovya kata. Usiku ile ya kwanza inachotwa kuliko wenzake, mchana inasukumiwa chaji kuliko wenzake.

Iliyovimba niliitoa, na nikamkataza kuchanganya mpya na kuukuu. Zikabaki tatu. Waya ya posi ya inveta nikaiacha betri ya kwanza, ya nega nikaipeleka ya mwisho. Sasa ukianzia betri yoyote, njia ya umeme inapita viungo viwili vya kati ya betri na betri, basi. Haigawanyi sawasawa kabisa, ile ya kati bado inapumzika kidogo, lakini hakuna tena anayebebeshwa peke yake.

Atasema mtu, "Mzee, waya ni nene, shaba tupu, umeme unajali nini?" Unajali! Betri nzima ukinzani wake wa ndani ni miliomu chache tu, yaani vipande vya elfu vya omu, kipimo cha ukinzani. Kiungo kilicholegea, chenye ule ukoga wa kijani, kinafika miliomu moja bila taabu. Pitisha ampia 100 hapo, umepoteza volti 0.1. Ndogo? Betri ya maji kutoka kujaa hadi kufika nusu hushuka kama volti 0.5 tu. Haya, piga hesabu mwenyewe.

Nilitaka kusema mengi kuhusu swichi, naona naonyeshwa saa. Haraka basi. Wenye boti, ile swichi ya kuchagua betri, "moja, mbili, zote": msiizungushe hadi alama ya kuzima wakati injini inaunguruma, mtaunguza dayodi za altaneta, ile inayochaji betri. Benki ya betri, yaani kundi la betri zilizoungwa, ikiwa imejaa chaji msiiunge ghafla na iliyokauka. Na fyuzi iwe ya umeme wa betri, karibu na betri. Umeme wa TANESCO hugusa sifuri mara 100 kwa sekunde, fyuzi ikikatika cheche inapata nafasi ya kufa. Wa betri hauna sifuri, unaendelea kuwaka humo ndani mpaka plastiki iyeyuke.

Volti 24 au 48? Tutazungumza nje. Nani ana spana namba 13? Ifunge utepe kwanza mpini wote, halafu uje hapa mbele tufungue hizi.