Miwani ya Mama Ilivyofika Siyu

Assalamu alaikum watu wangu wa Amu, yaani Lamu mjini, na wa kisiwani kwetu: Pate, Siyu, Faza na Kizingitini. Ni mimi tena, niko Birmingham. Mwaiona bahasha hii? Tarishi ameitumbukiza kwenye tundu la mlango asubuhi nikiwa bado nimelala. Namba ya nyumba na msimbo wa posta vyatosha huku.

Sasa mwaka jana nilimtumia mama miwani. Kompyuta ya kaunta ya posta huku ikadai namba ya nyumba. Namba gani? Siyu mgeni huuliza pale ngomeni, watoto wakampeleka hadi mlangoni. Na kwetu Kenya barua huishia kwenye sanduku la posta, mama hana sanduku. Nikaandika la shule ya jirani, 80500 Lamu, na jina nikaweka lile aitwalo na mtaa mzima.

Mzigo ukafika Amu salama. Lakini shule ilikuwa imefungwa, ile karatasi ya kumwita ikalala sandukuni wiki tatu. Ilipopatikana, jina halikuoana na kitambulisho. Ikabidi mama aende mwenyewe, na magoti yale. Mnaoujua Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari tunaopitia kwenda Amu, mwajua: maji yakipwa chombo hakipiti, mwangoja yajae. Alitoka gatini Mtangawanda alfajiri, akalala Amu kwa dada yake, akarudi kesho yake. Miwani aliitia kwenye mfuko wa nailoni, akaifunga kwenye pindo la kanga isipate maji ya chumvi. Aliniambia njia nzima hakuliachia pindo lile.

Liliniuma sana. Pesa tangu 2007, M-PESA ilipoanza, twatumiana kwa simu, na nikimtumia humfikia kabla sijaiweka yangu chini. Kitu cha kushika mkononi ndicho kinachokwama, tena kikiwa kishavuka dunia nzima. Ilhali watu wa kukifikisha wapo! Manahodha wetu wabeba unga, magodoro, mitungi ya gesi, na kila abiria wamjua ni mtoto wa nani. Mbona wasipewe na mfuko wa barua, kwa malipo na stakabadhi? Wawakilishi wetu wa wadi, nawaomba hili mlipeleke mbele.

Kwa sasa, ndugu yangu unayetuma mzigo, andika jina la kitambulisho herufi kwa herufi. Weka namba ya simu ya mtu aliye Amu mjini. Na sanduku liwe la mtu anayelifungua kila wiki, umwombe ruhusa kwanza.

Haya, kifurushi cha pili hiki hapa. Ni msahafu wa maandishi makubwa, maana hata na miwani mama bado akaza macho. Jina lake ni hili, majina yote matatu. Sanduku ni la mjomba. Nimempigia jana usiku, ufunguo anao, na Jumamosi ana safari ya Siyu.