Nyuzi 90 na Bado Niko Hai: Nawajibu Watu wa Tanga

Haya, hamjambo nyote, na wakubwa zangu wa Tanga shikamooni. Leo sipiki wala sionyeshi theluji. Leo najibu, maana swali hili limenichosha: "Dada, nyuzi 90 na bado uko hai?" Mwezi wa saba nilisema huku Minnesota joto limefika 90, mkaniita mwongo. Januari nikasema leo ni 20 na nimeganda, mmoja akaandika, "Ishirini si Lushoto hiyo? Vaa sweta, acha kudeka." Jamani! Likiwaka jua eti najigamba, likija baridi eti nalalamika. Niseme nini sasa?

Wamarekani wanapima joto kwa Farenhaiti, nyumbani tunapima kwa Selsiasi. Kwa Farenhaiti maji yanaganda kwenye 32, yanachemka kwenye 212. Kwa hiyo 90 yangu ni kama 32 yenu, Februari ya Ngamiani, hapo Tanga mjini, tu hiyo. Na ile 20 ni hasi 7, maji ya mtungini yanakuwa jiwe. Hesabu yake: toa 32, zidisha kwa 5, gawa kwa 9. Mimi natoa 30 nagawa kwa mbili, ya kujua nivae nini inatosha. Kwa mgonjwa usithubutu.

Yalinikuta. Kipimajoto changu nilitoka nacho nyumbani, mama alininunulia. Usiku mtoto akachemka, nikapima: 39. Nikampigia nesi wa zamu, akauliza joto ngapi, nikamwambia thelathini na tisa. Kimya. Kisha akaniuliza, mtoto anapumua? Maana 39 kwao ni joto la ndani ya friji! Narudia, anadhani ni lafudhi, ananitamkisha namba kama mtoto wa chekechea. Mwisho akasema mlete. Kufika, 102, homa ileile, na dawa ya maji waliyompa tayari nilikuwa nayo kabatini. Ndipo fomu: kurasa sita, uzito kwa ratili, urefu kwa futi, namba ya bima mara tatu. Baada ya wiki tatu bili, dola 310. Bima wakasema haikuwa dharura. Wao walikuwepo?

Na msinicheke kwa kuchanganyikiwa. Anders Celsius mwenyewe, yule Mswidi mwenye Selsiasi yetu, mwaka 1742 aliweka kinyume: maji yanachemka kwenye 0, yanaganda kwenye 100. Watu wakaja kugeuza baadaye. Mimi ni nani?

Halafu shangazi, najua unatazama. Uliniandikia mkate wa kumimina, oveni 180. Nikaweka 180 ya huku. Saa nzima, uji! Ilitakiwa kama 350. Mayai sita na nazi ya kopo, bei yake siitaji, mtasema najionyesha.

Wanaouliza nikija nifanyeje, mimi nasema ya kwangu tu. Kila mtu na jimbo lake, na bima yake, na bahati yake. Mimi nilinunua kipimajoto chenye kitufe cha kugeuza, nikakibandika karatasi: HUKU sema Farenhaiti. Wewe huenda usihitaji.

Na binamu wa Makorora uliyeandika "dada ana hela, hata joto lake kubwa", ile 310 bado nadaiwa. Simu mwezi huu usiniombe.