Mtu usiyemjua akikuvunjia heshima mbele za watu

Haya jamani, habari zenu, asanteni kwa kuja, na nyie mliosimama kule nyuma sogeeni mbele viti bado vipo. Leo nataka tuongelee kitu ambacho sidhani kama kuna mtu humu ndani hakijawahi kumkuta, yaani mtu ambaye hujawahi kumuona maishani anakufokea, anakusukuma, anakutolea maneno machafu mbele za watu, na wewe umebaki umesimama moyo unakwenda mbio hata hujui uanzie wapi. Ushauri tunaopeana huwa ni wa aina mbili, kuna wa kukuambia mpotezee tu huyo, na kuna wa kukuambia ungemzaba kibao kimoja angekoma. Mi naona wote wawili wanawasahau watu muhimu kuliko wote, ambao ni wanaotazama. Ugomvi wa watu wasiojuana ukitokea hadharani unakuwa na watazamaji, na hao watazamaji mara nyingi ndio wanaoamua utaishia wapi kuliko hata wale wawili wanaogombana. Na sisi sote ni watazamaji siku nyingi zaidi kuliko tunavyokuwa watukanwaji, kwa hiyo hili linatuhusu wote.

Tuanze na mwili kwanza maana usipoelewa mwili wako utajilaumu bure. Mwaka 1915 mtaalamu mmoja wa Marekani, Walter Cannon, alieleza jinsi mwili unavyojiandaa kupambana au kukimbia ukiona hatari. Adrenalini inamwagika kwenye damu, moyo unaongeza kasi, damu inaelekea kwenye misuli mikubwa, tumbo linapunguza kazi, mdomo unakauka. Sasa mwili hauulizi kama aliyekuja mbele yako ni simba au ni mtu kakufokea kwenye lifti, unafanya vilevile. Ndio maana lile jibu zuri kabisa, la kumnyamazisha, linakujia baada ya nusu saa ukiwa umeshafika kwako. Ndio maana mikono inatetemeka. Watu wengi wameniambia walijiona waoga kwa sababu sauti ilikatika, na mimi nawaambia hapana, huo ni mwili unafanya kazi yake, na hata huyo anayekufokea naye mara nyingi yuko kwenye hali hiyohiyo, hasikii vizuri, hafikiri vizuri, macho yake yanaona kitu kimoja tu. Kwa hiyo kumpa hoja tano za kwa nini amekosea ni kupoteza pumzi zako. Hizo pumzi zitumie hivi, vuta kawaida halafu toa polepole kuliko ulivyovuta, mara mbili tatu, hapo moyo unaanza kushuka na unaweza kuongea bila sauti kupanda.

Kitu cha pili, tunawasoma watu vibaya. Lee Ross, mwanasaikolojia, mwaka 1977 alikipa jina kile kitabia chetu cha kuona kosa la mtu tukasema ndivyo alivyo, wakati kosa hilohilo tukilifanya sisi tunasema ilikuwa hali tu, nilikuwa nimechoka, nilikuwa nawahi. Na kuhusu kuwahi kuna utafiti mmoja naupenda sana, wa John Darley na Daniel Batson, wa mwaka 1973. Waliwachukua wanafunzi wa chuo cha dini kule Princeton, wakawaambia waende jengo jingine kutoa hotuba, na njiani wakamuweka mtu kajikunja mlangoni anakohoa anagugumia. Wale walioambiwa wana muda wa kutosha, asilimia 63 walisimama kumsaidia. Wale walioambiwa wamechelewa, asilimia 10 tu. Na nusu ya wanafunzi hao hotuba waliyokuwa wanakwenda kuitoa ilikuwa inahusu Msamaria Mwema! Hao ni watu wanaojiandaa kuwa wachungaji, wamepita kando ya mgonjwa, kisa saa. Sisemi haya ili umsamehe kila anayekupiga kikumbo, kukusamehesha si kazi yangu, nasema ili usiichukue ile jeuri yake kama taarifa kuhusu thamani yako wewe. Hakujui. Hana cha kusema kukuhusu.

Lakini hapa lazima tutenganishe vitu viwili na naomba mnisikilize vizuri maana ndipo watu wanapoumia. Kuna mkosa adabu na kuna mwenye shari. Mkosa adabu anakurukia foleni, anakujibu ovyo, anabamiza mlango, anapiga kelele na simu, basi, yuko kwenye dunia yake. Mwenye shari anakutaka wewe. Unawatofautishaje? Sogea. Hatua mbili tatu pembeni, taratibu, bila kumpa mgongo. Mkosa adabu ataendelea na yake. Mwenye shari atakufuata. Akikufuata, akazidi kuusogeza uso wake kwako, taya limekaza, ngumi zinafunga na kufungua, anageukageuka kuangalia nani yupo karibu, au maneno yalikuwa mengi halafu ghafla akanyamaza kimya huku amekukazia macho, hapo suala la adabu limeisha, hapo ni usalama. Hakuna jibu la busara hapo, kuna kuondoka, kuingia sehemu yenye watu na mwanga, na kupiga simu polisi. Ukiona silaha ndio kabisa, anachotaka mpe, kitu kinanunulika.

Na kuhusu umbali, mwanaanthropolojia Edward Hall mwaka 1966 alipima umbali ambao Wamarekani wanaachiana wakiongea, akaona kati ya kama sentimita 45 na mita 1.2 ni eneo la mtu binafsi, la watu unaowafahamu. Vipimo vinatofautiana jamii na jamii lakini mgeni akiingia humo mwili wowote unashtuka. Kwa hiyo baki nje ya hiyo mita na ushee, kwa ajili yako na kwa ajili yake pia, maana na yeye ukimkaribia anaona unamvamia. Simama kiupande kidogo, si kifua kwa kifua, mikono ionekane, viganja wazi usawa wa tumbo. Ukisimama hivyo hutishi mtu na ikibidi kujikinga mikono ipo juu tayari.

Maneno sasa. Yawe machache, na yaseme unachotaka wewe, yasiseme yeye ni mtu gani. "Naomba usinishike." "Ndugu, foleni inaanzia kule nyuma." "Dada, sitaki tugombane, naomba nipite." Sema mara moja, hakusikia rudia kwa sauti ileile, halafu basi. Ukianza "wewe ni mshenzi huna adabu" umeshamkaribisha kwenye mjadala wa ushenzi wake na huo hauna mwisho. Neno "tulia" nalo liacheni, sijawahi kuona mtu mwenye hasira akaambiwa tulia akatulia, linamwasha zaidi kwa sababu anasikia unamfanya mtoto. Na kuna ile sentensi ya "unanijua mimi ni nani?", hiyo ikishatoka kinywani kwa yeyote kati yenu, jueni mmeshatoka kwenye kugombania kiti au nafasi ya kuegesha gari, sasa mnagombania uso, yaani heshima mbele za watu.

Na uso unaonwa na nani? Na watazamaji. Mwaka 1977 David Luckenbill alichambua kesi 70 za mauaji katika jimbo la California, na kilichojitokeza ni kwamba nyingi zilianza na kitu kidogo, neno, kukataa ombi dogo, halafu mmoja akaona ameaibishwa, akajibu, mwingine akaona na yeye hawezi kurudi nyuma, na waliokuwepo wengine wakachochea, wengine wakakaa wanaangalia tu, na kukaa wanaangalia nako kukahesabika kama ruhusa. Mwaka 1996 Dov Cohen, Richard Nisbett na wenzao wakafanya jaribio pale Chuo Kikuu cha Michigan, mtu anakupiga kikumbo kwenye korido halafu anakutukana tusi moja anaondoka, na kuna mara mtu mwingine yuko pembeni anashuhudia. Vijana waliokulia kusini mwa Marekani, ambako heshima ya mwanaume inalindwa kwa kujibu mapigo, homoni zao za mkazo zilipanda kuliko za wenzao wa kaskazini, na waliamini yule aliyeshuhudia sasa anawaona si wanaume kamili. Sikilizeni hapo, kilichowauma kilikuwa macho ya yule aliyekuwa pembeni anaangalia, kuliko hata bega lililogongwa.

Kwa hiyo ukitaka kumaliza jambo, mpe mwenzako mlango wa kutokea ambao hautamdhalilisha. "Sawa, yaishe." "Basi, tangulia wewe." Ukilisema huku umesimama wima, hujanyenyekea, humcheki, wewe hujapungukiwa kitu na yeye kapata njia. Najua kuna vijana hapa wananiangalia wanasema huo ni unyonge. Naheshimu hisia hiyo, lakini jiulize, wale wanaoshangilia pale ugomvini wangapi watakuja kukulipia wakili au kukuuguza? Heri nusu shari kuliko shari kamili, wazee hawakusema hivyo kwa sababu walikuwa wanyonge.

Sasa upande wa pili, tukiwa sisi ndio watazamaji, na hapa ndipo roho yangu ilipo. Wengi mmesikia ile habari ya Kitty Genovese aliyeuawa New York mwaka 1964, kwamba mashahidi 38 waliangalia na hakuna aliyefanya kitu. Ile habari ilitiwa chumvi, na gazeti lenyewe lililoiandika baadaye lilikiri ina kasoro, kuna waliopiga kelele na kuna jirani alishuka akamkumbatia. Lakini ndiyo iliyowafanya Darley na Bibb Latané wafanye majaribio yao. Mwaka 1968 waliwaweka watu kwenye chumba kinachoanza kuingia moshi, aliyekuwa peke yake asilimia 75 walitoka kuripoti, aliyekaa na wawili waliopangwa wajifanye hawajali, asilimia 10 tu. Kila mtu anamsoma mwenzake, mwenzake katulia, basi na mimi nitulie.

Ikabaki imani kwamba watu hawajali. Si kweli. Richard Philpot na wenzake mwaka 2019 walitoa utafiti wa video za kamera za mitaani, matukio 219 ya ugomvi katika Amsterdam, Lancaster na Cape Town, na katika matukio 9 kati ya 10 kulikuwa na angalau mtu mmoja aliyeingilia, na kadiri watu walivyokuwa wengi ndivyo uwezekano wa kupata msaada ulivyopanda. Kabla yao, mwaka 2011, Mark Levine na wenzake walishaona kwenye video za aina hiyo kwamba mtu mmoja akijaribu kuamua mara nyingi haitoshi, ila wa pili akiongezeka, na wa tatu, ndipo ugomvi unazimika. Kwa hiyo usingoje kuwa shujaa wa kwanza, kuwa wa pili! Ukiona mama mmoja kamwambia yule mlevi "muache mwenzio", wewe simama ubavuni kwa yule mama. Hata usiposema neno.

Nawapa mfano wa karibu. Kwenye basi jamaa anamsumbua msichana, anamuuliza jina, anamuuliza anakaa wapi, msichana kageukia dirishani, begi kalikumbatia kifuani, anajibu kwa kichwa. Huna haja ya kumvaa huyo jamaa. Nenda kaa karibu na msichana, mpe yule jamaa mgongo, muulize huyo dada "samahani, kituo kinachofuata ni kipi?", halafu endelea kuongea naye mambo ya kawaida kabisa. Jamaa hana wa kugombana naye kwa sababu hujamgusa, na dada hayuko peke yake tena. Shirika la Right To Be, lililoanza kwa jina la Hollaback! mwaka 2005, linafundisha njia hii pamoja na nyingine, ukiogopa mwite dereva au mlinzi, na tukio likishapita mfuate aliyeonewa muulize "uko sawa? nikusindikize?". Hili la mwisho tunalidharau sana. Mtu aliyetukanwa mbele ya watu ishirini wote kimya anaondoka akiamini wote ishirini walikuwa upande wa yule aliyemtukana.

Na ukishaondoka pale? Hasira unayo bado. Watu wanasema itoe, piga mto, piga kelele. Brad Bushman mwaka 2002 aliwakasirisha wanafunzi kwa kuwaambia insha zao ni mbovu kupindukia, kisha wengine wakapiga mfuko wa ngumi huku wakimfikiria aliyewakosoa, wengine wakapiga wakifikiria mazoezi, wengine wakakaa kimya tu. Waliopiga huku wakimfikiria ndio waliobaki na hasira kuliko wote, na waliokaa kimya ndio waliokuwa na ukali mdogo zaidi. Kwa hiyo tembea, oga, mpigie mtu unayempenda muongee, ila usiirudierudie ile filamu kichwani usiku kucha, na tafadhali sana usiingie nayo nyumbani ukamwangushia mtoto ambaye hata hakuwepo.

Kuna swali limeletwa kwa karatasi hapa kabla hatujaanza, mtu anauliza kurekodi na simu ni sawa? Ni sawa kama tayari kuna mwingine anamsaidia muhusika, kama si hivyo weka simu chini umsaidie kwanza. Rekodi ukiwa mbali, usimsogelee mtu usoni na kamera maana unamuongezea watazamaji na yeye atawafanyia onyesho. Na video ile ni ya aliyeonewa, mpe yeye, aamue kama ni ya polisi au ya kufutwa, usiirushe mtandaoni kwa niaba yake, siku mbaya ya mtu si yako kuigawa. Haya, kipaza sauti kiko pale kati, anzeni na yule dada wa mbele.