Nani Ameshika Kibodi?

DADA: Karibuni tena. Tupo Dodoma, na mkisikia kitu kinagonga ni dirisha, upepo umeamka vibaya leo. Kaka, habari za tangu juzi?

KAKA: Salama dada. Vumbi tu.

DADA: Tunazungumzia kuwashika mkono wanafunzi wa sayansi na teknolojia walio wachache darasani. Wasichana, wenye ulemavu, waliotoka shule za kata huko Bahi, huko Mpwapwa.

KAKA: Watu wakisikia hivyo wanawaza semina. Ukumbi, maji ya chupa, mgeni rasmi, "msikate tamaa". Nami nimewahi kuwa huyo mgeni rasmi.

DADA: Ulivaa tai?

KAKA: (anacheka) Nilivaa! Wiki mbili baadaye nakutana na binti aliyekaa mbele kabisa siku ile, ananiambia ameacha kwenda maabara. Siku ya semina sikumuuliza kitu. Nilikuwa naongea mimi.

DADA: Kwa nini aliacha?

KAKA: Kundi la watu watano, kompyuta moja. Kila kipindi yeye ndiye anaandika ripoti, eti "mwandiko wako mzuri". Kibodi hajaigusa. Na kompyuta yenyewe ameanza kuiona chuoni. Sasa jaribio la vitendo linakuja, kila mtu peke yake.

DADA: Hapo sapu, mtihani wa marudio, inamsubiri mlangoni.

KAKA: Tukakaa kimbweta, yale mabenchi ya kusomea nje pale chuoni, jioni, na laptop yangu. Nikamwambia, andika wewe, mimi nimekunja mikono. Programu fupi kwa C, lugha ya kuandikia programu, inapokea namba tatu inatoa wastani. Ikakataa: kosa mstari wa 9. Akaanza kufuta yote! Nikamwambia acha, soma kwanza. Tunausoma mstari wa 9, mzima kabisa. Kumbe nukta-mkato, ile alama ya kufunga sentensi ya programu, ilisahaulika mstari wa 8, mashine imeshtuka ilipofika mstari unaofuata. Akasema, "Kwa hiyo hata yenyewe inanisingizia."

DADA: Na hilo kosa limeandikwa Kiingereza. Mtoto amesoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, kidato cha kwanza lugha inabadilika ghafla. Chuoni swali analo, ila mpaka amalize kulitafsiri kichwani, lekchara ameshafuta ubao. Mimi nilikuwa huyo.

KAKA: Wewe? Unavyoongea hivi?

DADA: Mimi! Dada mmoja wa mwaka wa tatu akaniambia: kipindi kikiisha mfuate mwalimu, uliza kwa Kiswahili, ukielewa ndiyo uandike kwa Kiingereza. Sijui kama alijua alichonifanyia.

KAKA: Lakini siku hizi hela zipo. Kuna ufadhili wa masomo wa Rais Samia tangu 2022/2023, kwa waliofaulu vizuri sana sayansi kidato cha sita.

DADA: Siubezi hata kidogo. Ila bumu, hizo hela za mwanafunzi, haliwezi kukaa na mtu kimbweta, kaka.

KAKA: Kweli.

DADA: Na huyo wa kiti mwendo je? Pale UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, ndaki, yaani vyuo vyake vya ndani, zimetawanyika juu ya vilima vya Chimwaga, kutoka moja hadi nyingine ni safari. Anafika maabara, na maabara nyingi nilizoziona mimi, meza imejengwa kwa mtu aliyesimama. Asiyesikia naye anakusoma midomo, wewe unaongea na ubao. Hili la mwisho halina hata gharama: geuka, ndipo uongee.

KAKA: Kwa lile tatizo la kibodi, sisi na kundi pale kimbweta tuliweka sheria moja tu. Saa ya simu inalia kila dakika kumi na tano, kibodi inahamia kwa mwingine. Hakuna "ngoja nimalizie".

DADA: Wanaifuata?

KAKA: Yule binti yuko mwaka wa pili sasa, simu yenye saa ni yake. Juzi nimepita, ikalia, kijana mmoja akasema, "Dakika moja tu, dada."

DADA: Akamwambiaje?

KAKA: "Sogea."